Jaji Joseph Kavaruganda na Kiapo cha Kimihurura

Miongoni mwa wanasheria wa Rwanda ambao majina yao hayatasahaulika ni marehemu Joseph Kavaruganda, aliyezaliwa mwaka 1935. Mwaka 1979 alishika kiti cha Rais wa Mahakama ya Katiba mjini Kigali, akakikalia hadi kufa kwake. Enzi hizo chama kilikuwa kimoja tu, MRND, na Bunge lote lilitoka katika chama hicho. Kwa hiyo hapakuwa na baraza huru la kumpima jaji wala la kumpa nguvu mbele ya watawala.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 4 Agosti 1993 ulikusudia kuibadili hali hiyo, kwa kuwa uliwapa wabunge wa Bunge la Mpito kazi ya kuwachagua wakuu wa Mahakama Kuu kabisa. Lakini Bunge lenyewe lilikuwa halijaapishwa, na mwenye dhamana ya viapo alikuwa Kavaruganda.

Tarehe 5 Januari 1994, katika jengo la Bunge lililoko Kimihurura, alimwapisha Juvénal Habyarimana kuwa Rais wa mpito. Mawaziri na wabunge hawakuapishwa siku hiyo, kwani ulizuka ugomvi juu ya orodha za majina. Jaji alisimama upande wa Mkataba. Kuanzia hapo vitisho vilimwandama, naye hakuliacha jukumu lake.

Alfajiri ya tarehe 7 Aprili 1994, baada ya ndege ya Rais kutunguliwa, askari wa Kikosi cha Ulinzi wa Rais walifika nyumbani kwake, wakamchukua, akauawa. Askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ghana waliowekwa kumlinda hawakuwazuia. Siku hiyo hiyo aliuawa Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana. Tarehe 9 Aprili serikali ya wauaji ikaapishwa, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaendelea. Ni dhahiri kwamba waliomwondoa jaji walitaka kuiondoa sheria njiani.

Katiba ya mwaka 2003 iliunda Seneti. Kwa kila kiti katika Mahakama Kuu kabisa, Rais wa Jamhuri alipeleka majina mawili, baada ya kushauriana na Baraza la Mawaziri na Baraza Kuu la Mahakama; Maseneta wakamchagua mmoja kwa kura. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2015 ililigeuza jambo hilo: Rais humteua mtu mmoja, na Seneti huidhinisha au hukataa.

Seneti hukutana Kimihurura, katika jengo lile lile alimotoa Kavaruganda kiapo chake cha mwisho cha Rais. Kura haimkingi jaji na bunduki. Hata hivyo, jaji aliyepimwa hadharani na wawakilishi wa wananchi hawi mtumishi wa mtu mmoja. Maseneta wanapolijadili jina la jaji, inafaa wamkumbuke mzee huyu, wasiihesabu kazi hiyo kuwa desturi tupu.