Kant: Mtoto wa fundi wa hatamu aliyewazia kuzaliwa kwa sayari

MTU akisimama usiku wa Januari katika ufuko wa Kunduchi, mbali kidogo na taa za hoteli, huliona kundi la nyota liitwalo Jabari likipita karibu kabisa juu ya utosi wake. Kando ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari, jicho makini hutambua ukungu hafifu. Humo nyota zinazaliwa. Katika miaka ya 1990, darubini ya angani ya Hubble ilionyesha kwamba nyingi kati ya nyota hizo changa zimezungukwa na sahani bapa za gesi na vumbi, ambamo sayari hufinyangwa.

Sahani za namna hiyo ziliwaziwa zamani, na mtu asiyekuwa na darubini ya kuzionea. Naye ni Immanuel Kant, ambaye wengi humjua kama mwanafalsafa mgumu kusomeka.

Alizaliwa Aprili 22, 1724, katika karne ile ile ambayo wakubwa wa Kunduchi walikuwa wakizikwa katika makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China, ambayo magofu yake bado yapo. Mji wake ulikuwa Königsberg, bandari ya Prussia kwenye Bahari ya Baltiki. Leo unaitwa Kaliningrad na ni sehemu ya Urusi.

Baba yake, Johann Georg, alikuwa fundi wa hatamu za farasi, mwenye kipato kidogo. Mama yake, Anna Regina, alikuwa mcha Mungu. Wasimulizi wa maisha ya Kant husema kuwa ndiye aliyemtoa nje kumwonyesha mimea na anga. Alifariki mwaka 1737, mtoto akiwa na umri wa miaka 13.

Kant aliingia chuo kikuu cha mji huo mwaka 1740. Huko mwalimu wake, Martin Knutzen, alimfungulia maktaba yake na kumwazima vitabu vya Isaac Newton. Baba alipofariki mwaka 1746, fedha zilikatika, na kijana akaenda kufundisha watoto wa matajiri mashambani kwa miaka kadhaa.

Katika kipindi hicho alisoma, katika gazeti la Hamburg la mwaka 1751, muhtasari wa kitabu cha Mwingereza Thomas Wright kuhusu umbo la Njia ya Maziwa. Kitabu chenyewe hakukiona. Sisi wa magazeti tuna haki ya kujivunia kidogo hapo, kwani muhtasari huo ndio uliowasha fikra zake.

Newton alikwisha kueleza kwa nini sayari hazitoki katika njia zake. Lakini kwa nini zote hulizunguka Jua kuelekea upande mmoja, na karibu katika usawa mmoja? Newton aliona kuwa mpangilio huo ulihitaji mkono wa Mungu moja kwa moja. Kant, ingawa alilelewa katika nyumba ya sala, alijibu kuwa sheria za maumbile zenyewe zilitosha, na kwamba sheria hizo ndizo ushahidi wa hekima ya Muumba.

Alisema kuwa hapo mwanzo mata ilikuwa imetawanyika angani. Uvutano ukaikusanya, chembe zikagongana na kupotoshana njia, mwishowe zikabaki zikizunguka pamoja katika umbo bapa. Katikati likawa Jua, na pembeni zikawa sayari. Mkazi wa Kunduchi aliyezoea kuona mwamba ukipondwa kuwa kokoto na vumbi katika machimbo, aifikirie kazi hiyo ikienda kinyumenyume: vumbi likawa kokoto, kokoto zikawa majabali, majabali yakawa dunia.

Kitabu kilichapishwa mwaka 1755 bila jina la mwandishi, kikiwa kimetabarukiwa kwa Mfalme Frederick wa Pili. Mchapishaji akafilisika, na nakala zikafungiwa ghalani. Waliokisoma walikuwa wachache mno. Mfaransa Pierre-Simon Laplace alipotoa nadharia inayofanana nayo mwaka 1796, alifika huko kwa njia yake mwenyewe.

Kant hakupata yote sawa. Kugongana kwa chembe peke yake hakuwezi kuzalisha mzunguko usiokuwapo. Laplace alianza na wingu linalozunguka tayari, na hapo alikuwa salama zaidi. Aidha, Kant aliamini kuwa sayari zina wakazi, na kwamba wanaoishi mbali na Jua wana akili zaidi.

Kwa miaka 15 alifundisha akilipwa na wanafunzi wenyewe, hadi alipopewa uprofesa mwaka 1770. Kitabu kilichompa umaarufu, cha uhakiki wa akili, kilitoka mwaka 1781. Hakuwahi kusafiri mbali na mkoa wake.

Msomaji wa Kiafrika hawezi kulipita kimya jambo moja. Katika kitabu cha mwaka 1764, mtu huyu aliandika maneno ya dharau kuhusu watu weusi, na katika mafunzo yake ya jiografia alizipanga jamii za wanadamu kwa ngazi. Aliyekataa kupokea mpangilio wa sayari bila kuuliza sababu alizipokea simulizi za wasafiri na wafanyabiashara bila kuzihoji. Mwaka 1795 alilaani uvamizi wa Wazungu katika nchi za wengine na utumwa wa visiwa vya miwa. Maneno ya awali, hata hivyo, yalibaki katika vitabu.

Alifariki Februari 12, 1804. Ushahidi wa sahani ulichelewa mno. Mwaka 1983 satelaiti ya IRAS ilipokea joto la vumbi linaloizunguka nyota Vega. Mwaka uliofuata, wanaastronomia wakiwa Chile walipiga picha ya sahani ya nyota Beta Pictoris, ambayo kutoka Kunduchi huonekana upande wa kusini.

Picha iliyoshangaza zaidi ilitolewa Novemba 2014 na mtambo wa ALMA, wenye antena 66 katika jangwa la Atacama, kwenye mwinuko wa mita 5,000 hivi. Ilionyesha nyota changa HL Tauri, iliyo katika kundi moja la nyota na Kilimia chetu. Sahani yake ilikuwa na mianya myeusi ya mviringo, ambayo wataalamu wengi huamini kuwa imechongwa na sayari zinazokua. Mwanga ulionaswa siku hiyo ulikuwa umeondoka huko miaka 450 hivi kabla, Kant akiwa bado hajazaliwa.