Jules Cornet, Mwokota Mawe wa Katanga

Mara nyingi tusomapo habari za watu mashuhuri hukutana na wafalme, majemadari na wasafiri. Leo napenda kuwaeleza habari za mtu aliyepata sifa kwa kuokota mawe. Jina lake Jules Cornet, Mbelgiji, aliyefariki dunia mwaka 1929. Mimi ni mzaliwa wa Kibondo, nasoma bweni hapa Kasulu. Nimemchagua bwana huyu kwa sababu nchi iliyompatia sifa haiko mbali sana na kwetu. Ukivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, kisha ukaelekea kusini-magharibi, utafika Katanga, nchi ya shaba.

Cornet alizaliwa mwaka 1865 huko Saint-Vaast, Ubelgiji, katika wilaya yenye machimbo ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mtaalamu wa miamba, na mtoto akafuata nyayo za baba. Alisoma elimu ya viumbe na miamba katika chuo kikuu cha mji wa Ghent. Mwaka 1891, alipokuwa na umri wa miaka 26, alichaguliwa kwenda Afrika pamoja na msafara wa Kapteni Lucien Bia. Msafara huo ulitumwa na Kampuni ya Katanga, wakati Mfalme Leopold wa Pili alipokuwa akiitaka nchi ile kabla haijachukuliwa na Waingereza. Kazi ya Cornet ilikuwa kutazama ardhi na kusema ina madini gani.

Lakini yatupasa tukumbuke kwamba shaba ya Katanga haikuvumbuliwa na mzungu. Wenyeji waliichimba na kuiyeyusha karne nyingi kabla yake. Wakati wa kiangazi walichimba jiwe la kijani liitwalo malakaiti, wakaliyeyusha kwa makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu, kisha wakaimimina shaba katika vielezo vyenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha. Mafundi wao waliitwa walaji wa shaba. Hata Msiri, mtawala mkuu wa Bunkeya, asili yake ni huku kwetu Tanzania ya magharibi. Alikuwa Msumbwa, wa kabila lililo jirani yetu upande wa mashariki, na baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyefuata shaba ya Katanga. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara mwingine uliotumwa na Wabelgiji.

Msafara wa Bia ulifika Bunkeya mapema mwaka 1892, ukaikuta nchi imevurugika na njaa imeenea. Wapagazi wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Mwezi Agosti mwaka huo Kapteni Bia mwenyewe akafariki, na Emile Francqui akashika uongozi. Katika taabu hiyo Cornet hakuacha kazi yake. Alizunguka katika vilima vya shaba, akayatembelea machimbo ya wenyeji kama yale ya Kambove, akitazama jinsi tabaka za mawe zilivyolala na kukusanya vipande vya kuonyesha. Tusisahau kwamba siku zile mizigo ilisafiri kwa vichwa vya watu. Kila sanduku la mawe lililopita porini lilikuwa juu ya kichwa cha mpagazi, na majina ya wapagazi hao hayasomwi vitabuni.

Pengine mtu atauliza, jiwe lina maana gani hata libebwe hivyo? Jibu ni kwamba madini yakipata nafasi ya kukua polepole ndani ya mwamba hufanya fuwele, yaani umbo lenye nyuso bapa na kingo zilizonyooka kana kwamba limekatwa na fundi. Kila madini yana umbo lake, rangi yake na uzito wake, na kwa hayo mtaalamu huyatambua. Karibu na Kambove hiyo hiyo, miaka mingi baada ya Cornet, zilipatikana fuwele za karolaiti, madini ya shaba na kobalti yanayong'aa kama fedha iliyosuguliwa. Wakusanyaji wa dunia nzima huzihesabu fuwele hizo kuwa bora kuliko karolaiti ya mahali pengine popote. Lakini hata fuwele nzuri namna gani, ikikosa maandishi ya mahali ilikotoka, haimfundishi mtu habari za nchi yake. Ni pambo tu.

Mwaka 1893 Cornet alirudi kwao, akaandika habari za miamba ya Katanga kwa utaratibu. Wakubwa waliotamani dhahabu waliambiwa habari za shaba, tena shaba iliyo mbali sana na bahari. Basi wakangoja. Mwaka 1906 ikaundwa kampuni kubwa ya madini, Union Minière. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Na mwaka 1911 shaba ya kwanza ya kiwandani ikamiminwa. Cornet alikuwa mwalimu katika chuo cha madini cha mji wa Mons, na huko alikufa. Madini moja ya rangi ya buluu, yaliyopatikana karibu na Lubumbashi, yakaitwa kornetaiti kwa heshima yake.

Mimi naona habari hizi zina mafunzo mawili. Walaji wa shaba walikuwa na ujuzi, bali ujuzi wao ulikaa vichwani na mikononi. Cornet aliuandika wa kwake, na aliyeshika maandishi ndiye aliyeshika mali. Faida ya shaba ile ilikwenda Ulaya kwa miaka karibu hamsini, hata Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960. Funzo la pili linatuhusu sisi wenyewe. Katika chumba chetu cha jiografia limo kabati lenye mawe mazuri, mengine yanang'aa, lakini hakuna karatasi inayosema yalitoka kilima gani wala yaliokotwa lini.

Kwa hiyo nawashauri wenzangu, hasa wa kidato cha kwanza, mwendapo nyumbani likizo mkaona jiwe la ajabu huko Kibondo au Kasulu, liokoteni, mwandike kijiji, kilima na tarehe, kisha mlilete kwa mwalimu. Nanyi wazazi, mtoto akirudi na mawe mfukoni, msimkemee upesi. Mwulizeni kwanza ameyatoa wapi, na kama ameandika.