Carlo Abarth, fundi aliyelishwa na sailensa

Siku hizi ukikaa barazani baada ya Isha, iwe ni Kisauni, Majengo au Likoni, hapiti muda mrefu ila utasikia gari dogo likivuma kama ndege ya vita. Watoto huamka, wagonjwa hushtuka, na barobaro aliye nyuma ya usukani huona kwamba amefika. Amemlipa fundi amkatie sailensa, akidhani kelele ndiyo nguvu. Wahenga walishatwambia kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Leo namtaja mtu ambaye jina lake bado linabandikwa kwenye magari, pamoja na alama yake ya nge. Alijua kutoa nguvu kwenye injini ndogo kuliko mafundi wengi wa zama zake. Na mtu huyo, msomaji wangu, riziki yake kubwa aliipata kwa kuuza sailensa.

Alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 15 Novemba 1908, akaitwa Karl Abarth. Kwa hesabu za wanajimu hiyo ni nyota ya nge, na ndiyo sababu akamchagua mdudu huyo kuwa alama yake. Jina la Carlo alilichukua baadaye, alipokuwa raia wa Italia.

Ujana wake ulikuwa wa pikipiki. Alianza kazi akiwa kijana mdogo katika karakana, akijifunza kuunda fremu za baiskeli na pikipiki. Mwaka 1928 alishinda mashindano yake ya kwanza, na muda si mrefu akawa anaendesha pikipiki aliyoiunda kwa mikono yake. Ajali mbaya ilipomwangusha, alirudi na pikipiki yenye kigari ubavuni, ambayo pia aliibuni mwenyewe. Mwaka 1934 alishindana nayo dhidi ya treni maarufu ya Orient Express, katika safari ya kilomita zipatazo 1,300 baina ya Vienna na Ostend, Ubelgiji. Akaishinda treni.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 alipata ajali nyingine huko Yugoslavia, na hiyo ikamfungia kabisa mlango wa mashindano ya pikipiki. Vita vikuu vya pili vilimkuta huko, akafanya kazi ya ufundi Ljubljana mpaka vilipomalizika.

Baada ya vita alihamia Italia, nchi iliyokuwa imebomoka na watu wake hawana fedha. Akawa mkuu wa timu ya mashindano ya kampuni ya Cisitalia, iliyotengeneza magari mazuri lakini ikatumia fedha kuliko ilizoingiza. Mwaka 1949 Cisitalia ikaporomoka. Abarth alikuwa na miaka 40, kampuni imekufa mikononi mwake, na alichobaki nacho ni magari machache ya mashindano na vipuri. Tarehe 31 Machi mwaka huo huo akaanzisha kampuni yake mjini Bologna, na baadaye akaihamishia Turin.

Magari hayo machache yalimpa jina. Tazio Nuvolari, dereva aliyeheshimiwa kuliko wote Italia wakati huo, aliendesha gari la Abarth mwaka 1950 katika mbio za kupanda mlima huko Palermo. Akashinda katika daraja lake, na hayo yakawa mashindano yake ya mwisho maishani. Lakini jina halijazi chungu. Mashindano hula fedha, na Abarth alihitaji kitu cha kuuza kila siku kwa mtu wa kawaida.

Hapo ndipo sailensa ilipoingia. Injini hupumua kama kiumbe. Huvuta hewa na petroli, huchoma, kisha hutoa moshi. Moshi usipotoka vizuri hubaki ndani ya silinda na kuchukua nafasi ya hewa safi, na gari hukosa nguvu. Sailensa nyingi za wakati ule zilinyamazisha mlio kwa kuuzungusha moshi ndani ya vyumba vya bati, na hivyo kuikaba injini. Abarth aliuza sailensa ambayo moshi ulipita katikati kwa bomba lililonyooka lenye matundu, na pembeni mwa bomba kulikuwa na nyuzi za kioo za kumeza mlio. Moshi ukatoka kwa wepesi na sauti ikatulia. Ulibaki mngurumo mzito wa kupendeza, na watu walikuwa tayari kuulipia.

Tofauti yake na kinachofanyika katika vichochoro vyetu iko hapo. Yeye alipima. Bomba likiwa finyu mno injini hukabwa, na likiwa pana ovyo moshi hupoteza kasi ya kutoka, gari likalegea katika mwendo wa chini. Urefu na upana vina hesabu yake, na kila aina ya gari ina bomba lake. Kufikia mwaka 1962 kampuni yake ilikuwa ikitengeneza zaidi ya mabomba 250,000 kwa mwaka, na mengi yaliuzwa nje ya Italia.

Fedha za mabomba ndizo zilizolipia kazi yake nyingine, ya kuamsha magari ya wanyonge. Mwaka 1955 Fiat ilitoa gari dogo liitwalo 600. Injini yake ilikuwa ya cc 633, na nguvu zake zilikuwa kama farasi 22 tu. Mwaka uliofuata Abarth alitoa lake la 750. Tundu la silinda alilipanua kutoka milimita 60 hadi 61, basi. Kazi kubwa ilikuwa kwenye krenkishafti. Aliweka nyingine, iliyoifanya pistoni ipande na kushuka milimita 64 badala ya 56. Ujazo ukafika cc 747. Akaongeza mgandamizo, akaweka kabureta kubwa zaidi, akabadilisha kamshafti ili valvu zifunguke vizuri zaidi, na mwisho bomba lake. Nguvu zikakaribia farasi 40.

Msomaji atazame mpangilio huo. Hakuna kipande kimoja kilichofanya muujiza. Hewa ikiongezwa, petroli nayo lazima iongezwe kwa kipimo. Hewa ikizidi na petroli ikabaki ile ile, moto wa ndani huwa mkali kupita kiasi, valvu huungua na pistoni huweza kutoboka. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo hizo sharti zipatane.

Ustadi wake mwingine ulikuwa katika namna ya kuuza. Vifaa vyote vya kubadilisha injini alivitia katika sanduku moja, na mnunuzi akalipeleka kwa fundi wa mtaani kwake akafungiwa. Kinyozi au karani aliyekuwa na gari dogo la mkopo akaweza kuonja mwendo uliokuwa wa matajiri. Akiba yake ikiruhusu alinunua sanduku zima, na isiporuhusu alianza na bomba peke yake.

Mwaka 1957 Fiat ilitoa gari dogo zaidi, 500, lenye nguvu za farasi 13. Mwendo wake wa juu ulikuwa kilomita 85 kwa saa, na wanunuzi walilicheka. Februari 1958 Abarth alilipeleka moja alilolitengeneza katika uwanja wa Monza, akaweka madereva wa kupokezana, na gari likazunguka siku 7 mchana na usiku. Lilikwenda zaidi ya kilomita 18,000 kwa wastani wa kilomita 108 kwa saa. Kukimbia dakika 5 si hoja, hata gari bovu huweza. Kukimbia juma zima bila injini kunoki ndiko kulikoonyesha ufundi. Fiat ikaona faida, ikakubali kumlipa kwa ushindi na rekodi alizopata kwa magari yake.

Na hakuishia kwenye injini. Gari lake la 850 TC, lililotoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, lilipewa breki za diski kwa magurudumu ya mbele, maana la kawaida lilikuwa na breki za ngoma. Katika magari yake ya mashindano yenye injini nyuma, boneti iliachwa wazi imeinuliwa ili joto litoke na gari litulie barabarani. Alielewa kwamba nguvu ni deni. Ukiichukua kwenye injini, utailipa kwenye breki, kwenye oili na kwenye rejeta.

Alijua pia kwamba njia rahisi ya kuongeza mwendo ni kupunguza uzito, na hesabu hiyo akaianzia kwake mwenyewe. Alikuwa mtu mrefu wa mwili mkubwa. Mwaka 1965, akikaribia miaka 57, alitaka kuendesha mwenyewe gari la kuvunja rekodi Monza, lakini hakuingia kwenye kiti. Hakumwamuru fundi apanue gari. Alijinyima, akala matofaa kwa muda, akapunguza kilo zipatazo 30. Oktoba mwaka huo aliingia, akavunja rekodi za kuondoka kwa kasi, na kampuni yake ikafikisha rekodi 100.

Lakini mashindano yaliendelea kuwa ghali, na mwaka 1971 aliiuza kampuni kwa Fiat. Jina likabaki na mwenye jina akaondoka, akarudi Vienna alikozaliwa. Pasaka ya mwaka 1979 gari la Fiat 131 Abarth, likiendeshwa na Markku Alén, lilimaliza la tatu katika Safari Rally hapa kwetu Kenya, nyuma ya Datsun ya Shekhar Mehta na Mercedes ya Hannu Mikkola. Kwa hiyo yule nge alishakula vumbi letu. Oktoba mwaka huo huo Abarth akafariki dunia, akiwa na miaka 70.

Kwa nini nimemleta mtu huyu kwenu? Kwa sababu mikono ya ufundi hatukunyimwa. Ziko gereji Mombasa zinazoifumua injini na kuirudisha kwa spana chache na taa ya mkononi, mvua ikinyesha. Tulichokosa ni kipimo na daftari. Fundi anapanua tundu bila kuandika alipoanzia, akifa anakwenda na elimu yake, na mwanagenzi anaanza upya. Tumekosa pia subira, maana kijana wetu anataka mlio leo na hesabu kesho.

Kwa hivyo nawaomba vijana wetu, na wazazi wanaotoa fedha za magari hayo. Kabla ya kumwambia fundi akate bomba, mwulizeni mambo matatu. Breki zitahimili? Joto litatoka wapi? Petroli itapimwa vipi ikiwa hewa imezidi? Asipokuwa na jibu, rudini na fedha zenu nyumbani. Roho ya dereva ni amana, na ya bibi anayevuka barabara kwenda kununua mahamri alfajiri ni amana vilevile. Na atakayekuwa na majibu, huyo mpeni kazi, mlipeni haki yake, na mpelekeeni mwanagenzi mwenye daftari.