Thomas Midgley: alinyamazisha injini, akaacha sumu hewani

Dereva anayepanda mlima na mzigo mzito anaijua sauti hiyo: injini inaanza kugonga, kama mtu anayepiga bati kwa nyundo ndogo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, sauti hiyo iliwanyima usingizi watengenezaji wa magari wa Marekani. Aliyeinyamazisha ni Thomas Midgley. Dawa yake iliyapa magari nguvu, lakini ilichafua buji za injini, zile ambazo wengine wanaziita plagi. Na namna buji hizo zilivyosafishwa ndiyo iliyotawanya sumu kwa wakaaji wa dunia nzima.

Midgley alizaliwa tarehe 18 mwezi wa tano mwaka 1889 katika mji wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, akakulia Columbus, Ohio. Baba yake alikuwa mvumbuzi aliyeshughulika na matairi. Mwaka 1911 kijana huyo alimaliza masomo ya uhandisi wa mitambo kunako chuo kikuu cha Cornell. Kemia iliyompa jina alijifunza baadaye, akiwa kazini. Mwaka 1916 aliajiriwa katika mji wa Dayton, Ohio, kwenye maabara ya Charles Kettering, mtu aliyewaondolea madereva taabu ya kuwasha gari kwa kuzungusha chuma kwa mkono.

Kosa halikuwa la buji

Kettering alikuwa na shida. Alikuwa ametengeneza mfumo wa kuwasha cheche kwa betri, na watu waliposikia injini zinagonga, walisema mfumo huo ndio wenye kosa. Alimpa Midgley kazi ya kutafuta ukweli.

Midgley alitengeneza chombo cha kupima presha ndani ya silinda wakati injini inazunguka. Alichokiona kiliondoa lawama kwenye cheche. Buji ilitoa moto kwa saa yake, na mlio ulikuja baada ya hapo. Moto ulipokuwa ukisambaa kutoka kwenye buji, esanse iliyobaki pembeni ilibanwa na kupashwa joto mpaka ikalipuka yenyewe, kabla moto haujaifikia. Mlipuko huo ndio uliopiga pistoni. Kosa lilikuwa ndani ya esanse.

Ugunduzi huo ulikuwa na maana kubwa. Injini inayobana zaidi mchanganyiko wa hewa na esanse hutoa nguvu zaidi kwa mafuta yaleyale. Lakini ukibana zaidi, inagonga. Aliyetaka gari lenye nguvu alipaswa kwanza kupata esanse inayovumilia.

Midgley na wenzake walijaribu vitu vingi kwa miaka mitano. Iodini ilisaidia, lakini ilikuwa ghali na ilikula chuma. Teluri ilifanya kazi vizuri, ila harufu yake, kama ya kitunguu saumu, iling'ang'ania mwilini na kwenye nguo za wafanyakazi. Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1921 waliweka ndani ya injini kimiminika chenye madini ya risasi, tetraetili ya risasi. Mlio ulikatika. Ilitosha sehemu moja ya dawa hiyo kwa sehemu zaidi ya 1,000 za esanse.

Ilianza kuuzwa Dayton mwezi wa pili mwaka 1923 kwa jina la Ethyl, jina lisilotaja risasi. Miezi michache baadaye, magari matatu ya kwanza katika mashindano makubwa ya Indianapolis yalikimbia kwa esanse hiyo. Kwa wapenda mbio, hakukuwa na tangazo bora zaidi.

Kilichotoka kwenye buji kilienda wapi?

Lakini risasi haiungui ikaisha. Ndani ya silinda iligeuka kuwa unga mgumu ulioshika kwenye vali na kwenye kaure ya buji, ile sehemu nyeupe inayozuia umeme usitoroke. Unga huo ulipopata joto uliacha umeme upite, cheche ikakosekana, na injini ikaanza kukohoa.

Kundi la Midgley lilipata jibu: kuongeza ndani ya dawa kemikali yenye bromini. Hiyo iliifanya risasi igeuke mvuke kwenye joto la injini na kutoka kwa bomba la moshi. Bromini nyingi ilihitajika, na ilikuwa haba, basi ikatafutwa katika maji ya bahari. Mwaka 1934 kiwanda cha kuitoa baharini kilifunguliwa katika jimbo la North Carolina.

Buji zilibaki safi. Risasi ambayo ingebaki juu yake sasa ilitoka barabarani, ikashuka kwenye vumbi, kwenye mimea na katika vifua vya wapita njia.

Hatari ilijulikana mapema. Mwanzoni mwa mwaka 1923 Midgley mwenyewe alikuwa na risasi mwilini, akalazimika kuacha kazi kwa muda ili apumzike Florida. Mwezi wa kumi mwaka 1924, wafanyakazi 5 wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa baada ya kurukwa na akili, na makumi wakalazwa. Siku chache baadaye Midgley alisimama mbele ya waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kimiminika kile na kuvuta harufu yake, ili waamini kuwa hakina hatari.

Mauzo yalisimamishwa, na mwaka 1925 serikali iliita mkutano mjini Washington. Madaktari Alice Hamilton na Yandell Henderson walionya kwamba sumu hiyo itaingia kwa watu polepole bila kuonekana. Mwaka uliofuata, kamati ya wataalamu haikuona sababu ya kutosha ya kuipiga marufuku, na pampu zikafunguliwa tena.

Kulikuwa na njia nyingine. Alkoholi inayotokana na mahindi au miwa huzuia injini kugonga, na Midgley alilijua hilo vizuri, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kuonyesha gari linalotumia mchanganyiko wa esanse na alkoholi. Lakini alkoholi ilihitajika kwa wingi, na hakuna kampuni ambayo ingeweza kuimiliki peke yake kama ilivyomiliki Ethyl.

Midgley aliendelea kupanda cheo. Alishiriki pia kutengeneza gesi ya friji, Freon, ambayo miaka mingi baadaye iligunduliwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Mwaka 1940 ugonjwa wa polio ulimlemaza miguu. Alijitengenezea mtambo wa kamba na magurudumu wa kumwinua kitandani, na tarehe 2 mwezi wa kumi na moja mwaka 1944 alikutwa amekufa, amenaswa na kamba hizo. Alikuwa na miaka 55.

Somo linalobaki garaji

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana na esanse ya risasi, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 zilikuwa zimeiacha. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Kwa miaka hiyo yote, walioumia zaidi ni watoto, kwa sababu risasi hudhuru ubongo unaokua. Ndege ndogo za injini ya pistoni bado zinatumia mafuta yenye risasi, na mafundi wake bado wanachokoa vipande vya madini hayo kwenye buji.

Kwa mafundi wanaoongeza nguvu ya magari leo, swali la Midgley halijabadilika. Oktani kubwa ni uvumilivu wa kubanwa, si moto mkali zaidi. Gari la kawaida halipati nguvu kwa kununua oktani ambayo injini yake haiiombi. Gari lililofungwa turbo linaihitaji, na mara nyingi linahitaji pia buji ya baridi, yaani inayotoa joto haraka, kwa sababu ncha ya buji inayowaka kupita kiasi huwasha mchanganyiko kabla ya cheche.

Etanoli, alkoholi ileile iliyoachwa, imerudi katika magari ya mbio. Inavumilia kubanwa, inapoza silinda na haiachi masizi mengi kwenye buji, ingawa hutumika kwa wingi zaidi na huwaka kwa shida injini ikiwa baridi. Dawa za chupa za kuongeza oktani ni jambo lingine. Zile zenye chuma huacha unga mwekundu kwenye kaure, na cheche hupotea, kama ilivyopotea katika siku za Ethyl.

Fundi anayeona unga huo anaweza kubadilisha buji kwa dakika chache. Ila kilichoshika pale ni sehemu ndogo tu ya kile kilichopita kwenye bomba la moshi.