Spicer-Simson: Kamanda wa sketi aliyepeleka boti za kasi Ziwa Tanganyika

Machi 1916, jeshi la Waingereza lililotoka Longido lilipenya kati ya Mlima Meru na Kilimanjaro. Mwezi huohuo Arusha ikatoka mikononi mwa Wajerumani, na Aprili ilipoanza mapigano yalikuwa yameshasogea hadi Lolkisale. Boma la Wajerumani pale mjini, ambalo leo ni makumbusho, likabadilisha mabwana.

Hiyo ndiyo sehemu ya vita ambayo watu wa Arusha wengi wameisikia. Ambayo haisimuliwi sana ni kwamba wakati huo, magharibi kabisa mwa nchi, Wajerumani walikuwa wameanza kulipoteza Ziwa Tanganyika. Waliowanyang'anya walikuwa na boti mbili za mbao zenye urefu wa mita 12 tu kila moja. Kiongozi wao alikuwa ofisa wa jeshi la maji ambaye wakubwa zake walikuwa wameshamkatia tamaa.

Anaitwa Geoffrey Spicer-Simson.

Alizaliwa Januari 1876 mjini Hobart, kisiwa cha Tasmania, Australia. Akaingia jeshi la maji la Uingereza angali kijana wa miaka 14. Alikuwa na kipaji kimoja cha kweli, upimaji wa maji: alipima mito ya China, akapima Mto Gambia. Lakini kwenye kuongoza meli, mikosi ilimwandama. Aligonga vyombo vya wenzake. Novemba 1914 meli iliyokuwa chini yake, HMS Niger, ilizamishwa karibu na pwani ya Uingereza, yeye akiwa nchi kavu hotelini na mkewe na wageni. Wenzake aliosoma nao wakapanda vyeo, yeye akabaki palepale.

Halafu alikuwa na mdomo. Alisimulia habari za uwindaji na ushujaa ambazo hakuna aliyeziamini. Mwili wake ulichorwa tatuu za nyoka. Ziwani alivaa sketi ya kaki iliyoshonwa na mkewe, mchana kweupe, mbele ya askari wake, na hakuona haya hata kidogo. Watu wa huko wakampa jina la Bwana Chifungatumbo.

Sasa mtu wa namna hiyo alipewaje kazi?

Mwaka 1915 mwindaji mmoja, John Lee, alipeleka wazo London. Wajerumani walikuwa na meli ndogo mbili zenye silaha Ziwa Tanganyika, Kingani na Hedwig von Wissmann, na kwa sababu hiyo walipita watakapo, wakapiga upande wa Kongo ya Wabelgiji bila kujibiwa. Lee akasema: leteni boti ndogo zenye mbio kuliko wao, zipitishwe nchi kavu. Maofisa wazuri walikuwa wameshapangiwa kazi nyingine. Spicer-Simson alikuwa ofisini, hana kazi ya maana. Akapewa watu 28 na boti mbili.

Alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa. Akaja na Mimi na Toutou, majina ya Kifaransa ya kuwadekeza paka na mbwa, wakayakubali bila kushtuka.

Boti zilitengenezwa na kampuni ya Thornycroft. Awali zilikusudiwa Ugiriki, zihudumie ndege za majini. Kila moja ilikuwa na injini mbili za petroli zenye nguvu farasi 100 kila injini, na mwendo uliotarajiwa ni noti 19, kama kilomita 35 kwa saa. Kwa mwaka 1915 hiyo ni mbio. Spicer-Simson akafunga mzinga mdogo mbele na bunduki ya rashasha nyuma.

Wakaenda kujaribu Mto Thames, Juni 8. Mzinga ukapigwa. Risasi ikaenda vizuri, ila mzinga nao ukaenda: ukang'oka na mpigaji wake, wote wawili majini. Kumbe haukufungwa sawasawa.

Boti ya kasi na uzito wake

Tukio lile linachekesha, lakini ndani yake ndiko kulikokuwa na kitendawili cha boti za Spicer-Simson, na cha boti yoyote ya kasi mpaka leo.

Mtazame dereva wa boda anayepandisha Ngaramtoni na gunia mbili za mahindi nyuma. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani hausikii. Akihamishia mzigo mwingi mbele, pikipiki inakuwa nzito kukata kona na ikiingia shimoni inazama na pua. Pikipiki ni ileile na injini ni ileile, kilichobadilika ni mahali uzito ulipo.

Boti ni hivyohivyo, ila barabara yake ni maji na haitulii. Ikiongeza mwendo, pua inanyanyuka na nyuma inakaa chini. Ikinyanyuka kupita kiasi, nahodha haoni mbele, injini zinasukuma ukuta wa maji, na mafuta yanaisha bure. Pua ikilala mno, boti inachimba mawimbi badala ya kuyapanda, usukani unakuwa mkali, na kona ya ghafla inaweza kuipindua.

Boti za kisasa zina dawa yake: vibao viwili vya chuma, kama mapezi madogo, vimefungwa kwa bawaba chini kabisa nyuma, kimoja kila upande. Nahodha akivishusha, maji yanasukuma nyuma ya boti juu na pua inashuka. Boti ikiegemea upande mmoja, anashusha kibao cha upande huo peke yake ili uinuke. Mawimbi yakitoka mbele, anashusha kidogo ili pua ikate maji. Yakitoka nyuma, anapandisha vyote, maana pua ikilala na wimbi likisukuma kutoka nyuma, boti inageuka upande bila kuulizwa. Vibao vyenyewe ni vidogo tu, lakini mwendo ukiwa mkubwa vinatawala chombo kizima.

Mimi na Toutou hazikuwa na kifaa hicho. Usawa wao ulitokana na umbo la boti na mahali vitu vilipowekwa: mzinga mbele, rashasha nyuma, matangi ya petroli, watu. Na mzinga ulileta jambo la pili. Boti zilikuwa nyepesi kiasi kwamba zilitakiwa kupiga kuelekea mbele tu. Mzinga ukipigwa kwa ubavu, teke lake lingeweza kupasua mbao. Kwa hiyo aliyeshika usukani ndiye aliyelenga. Ukitaka kumpiga adui, elekeza boti yote kwake.

Milima, maksai na mitungi ya maji

Juni 15, 1915 boti zikapakiwa melini kwenda Cape Town. Kutoka hapo zikapanda treni hadi Fungurume, Katanga. Reli ikaishia hapo.

Mbele yao ilikuwa Milima ya Mitumba, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Boti zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na maksai. Pale ambapo matrekta yalishindwa, watu walivuta kwa kamba. Ilibidi yajengwe madaraja zaidi ya 150. Barabara ilikatwa porini na vibarua Waafrika, mamia kwa mamia, na hapa vitabu vingi vya Wazungu vinapita haraka mno. Matrekta yalipokosa maji, wanawake wa vijiji vya njiani waliyabeba kwa mitungi vichwani, kilomita nyingi, ili mitambo isizime. Bila hao, Spicer-Simson angebaki na boti zake katikati ya msitu akisimulia hadithi.

Baadaye treni tena, kisha Mto Lualaba, kisha treni nyingine. Oktoba wakafika Lukuga, Kalemie ya leo, ufukwe wa Kongo. Jumla ya safari kutoka Uingereza ni kama kilomita 16,000. Boti ziliingia ziwani Desemba 22 na 23.

Jumapili ya mapigano

Desemba 26, Spicer-Simson alikuwa anaongoza ibada ya asubuhi. Kingani ikaonekana inakuja kupeleleza. Akaendelea na ibada mpaka mwisho, halafu akaamuru boti zitoke.

Kingani ilikuwa kubwa na nzito kuliko zote mbili, lakini polepole. Udhaifu wake mkubwa zaidi: mzinga wake ulitazama mbele tu. Mimi na Toutou zikaizunguka na kuingia nyuma yake. Wajerumani walipotambua na kuanza kugeuka, walikuwa wamechelewa. Ndani ya dakika kama 11 nahodha wao, Luteni Junge, alikuwa ameuawa pamoja na baadhi ya watu wake, na meli ikasalimu amri. Upande wa Spicer-Simson hakufa mtu.

Ndipo uzito ulipoanza kudai deni lake. Boti zilitikiswa na mizinga yao wenyewe, mbao zikalegea. Kingani nayo ikatengenezwa, ikapewa jina Fifi, na ikafungwa mzinga mkubwa zaidi mbele. Kila ulipopigwa, teke lake lilikuwa kubwa hata Fifi ikasimama majini kana kwamba imegonga ukuta.

Februari 9, 1916 ikaja Hedwig von Wissmann. Spicer-Simson alikuwa kwenye Fifi, Mimi ikimfuata. Hedwig ikageuka kukimbia. Fifi ikapiga, na kila ilipopiga ilipoteza mwendo, adui akazidi kuachana nayo. Risasi zikaanza kuisha.

Aliyeokoa siku ni Mimi. Boti ile ndogo ikatoka mbele, ikamkimbilia Hedwig na kumchokoza kwa mzinga wake mdogo. Hedwig, ambayo nayo mzinga wake mzuri ulitazama mbele, ikalazimika kugeuka ili kujibu. Kila ilipogeuka ilipoteza umbali, na Fifi ikasogea. Zikiwa zimebaki risasi chache mno, Fifi ikapata shabaha. Hedwig ikazama.

Kwa haki, sifa ya siku ile ni ya waliokuwa kwenye Mimi kuliko ya kamanda.

Alipogoma

Muda si mrefu baadaye ikapita Graf von Götzen. Hii haikuwa saizi yao: meli ya chuma ya mita 71, iliyojengwa Ujerumani, ikaletwa vipandevipande na kuungwa Kigoma. Maofisa wakasubiri amri. Spicer-Simson akaitazama, akakataa.

Wengi walimwita mwoga kwa hilo. Hata hivyo, hesabu yenyewe haikuwa ya kipumbavu. Boti zilikuwa zimechoka, na silaha zao zilifaa meli ndogo. Lakini jamaa hakueleza hivyo. Aliondoka kwenda ndani ya Kongo kutafuta meli kubwa zaidi, akaacha watu wake kwa miezi.

Juni 1916 akapewa kazi ya kuziba njia ya ziwani pale Bismarckburg, Kasanga ya leo. Akaona boma lina mizinga, akajitenga mbali. Usiku Wajerumani wakapanda majahazi na kutoroka. Waingereza wa nchi kavu walipoingia ndani, ile mizinga ya kutisha ikakutwa ni magogo. Kamanda wao hakumficha Spicer-Simson alivyomwona.

Afya na akili vikamwangusha, akarudishwa Uingereza. Alipewa nishani ya DSO. Meli, hakupewa tena.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyomfaa zaidi, ingawa haina mbwembwe. Mwaka 1921 akawa katibu mkuu wa kwanza wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari, Monaco, akakaa huko hadi 1937. Alirudi kwenye kile alichokijua tangu ujana: kina cha maji, miamba, ramani. Safari yake ya Tanganyika ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomchochea C.S. Forester kuandika riwaya ya African Queen mwaka 1935. Spicer-Simson alifariki Canada Januari 1947, akiwa na miaka 71.

Götzen aliyoikwepa ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi ili isiharibike. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ilibeba abiria, dagaa na mizigo kutoka Kigoma kwenda kusini mwa ziwa, na Kasanga ilikuwa moja ya vituo vyake.