Elizabeth Garrett

Elizabeth Garrett alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1836. Zamani zile shule za udaktari za Uingereza hazikupokea wanawake, naye alitamani sana kuwa daktari. Basi mwaka 1860 akaingia hospitali ya Middlesex, akafanya kazi ya kuuguza. Huku akiuguza, alifundishwa Kilatini, Kiyunani na habari za dawa na mtengeneza dawa wa hospitali. Lakini mwaka 1861 wanafunzi wanaume wakamnung'unikia kwa wakuu, ikambidi kuondoka.

Hakukata tamaa. Palikuwa na Chama cha Watengeneza Dawa cha London, chenye mamlaka ya kutoa ruhusa ya kutibu watu. Sheria zake zilimkubali mtu ye yote aliyetimiza masharti, wala hazikusema kwamba awe mwanamume. Elizabeth akatafuta walimu wa kumfundisha faraghani, akasoma kwa bidii. Chama kilipotaka kumkataa, baba yake akaonya kwamba atakishtaki. Mwaka 1865 waliingia mtihani watu 7, wakashinda 3, naye Elizabeth akawapita wote.

Ndipo chama kikageuza sheria zake, mwanamke mwingine asipite njia ile. Yeye alikwisha kupita, lakini hakuwasahau wenzake. Mwaka 1872 akafungua London hospitali ambayo madaktari wake walikuwa wanawake, na mwaka 1883 akawa mkuu wa shule ya kuwafundisha wanawake udaktari. Alikufa mwaka 1917. Mlango uliofungwa nyuma yake aliufungua tena, wakaingia wengi.