Mchoraji Aliyeandikwa Hana Kazi

Wanachuo wenzangu, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha nilimkuta binti wa kidato cha pili anachora katikati ya kipindi changu. Nikamwambia afunge daftari. Akafunga. Siku ile nilijiona mwalimu kweli kweli! Baadaye nikasoma maisha ya Berthe Morisot, na daftari lile limenikaa rohoni.

Berthe alizaliwa mwaka 1841 mjini Bourges, Ufaransa, katika familia yenye uwezo. Yeye na dada yake Edma walitafutiwa walimu wa kuchora, maana chuo cha sanaa cha serikali pale Paris hakikupokea wanawake mpaka 1897. Mwalimu wao mmoja, Joseph Guichard, alimwonya mama yao: mabinti hawa watakuwa wachoraji kweli, na kwa watu wa hadhi yao hilo ni balaa. Mama hakuwazuia. Mwaka 1864 picha za wote wawili zilikubaliwa kwenye Salon, maonyesho makubwa ya Paris.

Edma aliolewa mwaka 1869, na uchoraji wake ukaishia karibu hapo. Berthe akaendelea. Mwaka 1872 alimchora Edma huyohuyo akimtazama mwanawe aliyelala kwenye kitanda chenye pazia jepesi. Picha hiyo aliipeleka kwenye maonyesho ya kwanza ya Waimpresionisti, mwaka 1874.

Mwanamke wa tabaka lake hakuweza kuzurura mitaani peke yake, kwa hiyo alichora alichoruhusiwa kukiona: vyumba, bustani, ndugu, watoto. Brashi yake ilikwenda haraka, nyeupe nyingi, mistari wazi. Ukiisogelea picha utasema haijakwisha. Ukirudi nyuma, unaona mwanga.

Aliolewa na Eugène Manet, lakini picha aliendelea kuzisaini Morisot. Kati ya maonyesho manane ya kundi lake alikosa moja tu, la 1879, baada ya kumzaa Julie.

Alifariki mwaka 1895 kwa nimonia, akiwa na miaka 54. Kwenye cheti cha kifo wakaandika hana kazi. Yaani picha zote zile!

Sisemi kila mtoto anayechora ni Morisot. Pengine binti yule alikuwa anakwepa tu somo langu. Ila sikulitazama daftari lake, ndiyo maana sijui. Nikipata darasa langu, kabla ya kusema funga, nitaomba kwanza nione.